Niliandika Presha Ambayo Sikuipima

Kwenye fomu ya usingizi ya hospitali niliyokuwa nikifanyia kazi kuna safu ya visanduku vidogo, kila kimoja cha dakika 5. Mtoa ganzi anatakiwa kupima presha ya mama na kuiandika humo tangu sindano ya mgongo inapochomwa mpaka mama anapotolewa chumba cha upasuaji. Kwenye fomu ya mama mmoja wa upande wa Muleba niliandika 104 kwa 62 katika kisanduku ambacho wakati wake sikupima chochote. Namba hiyo niliitunga. Niliitunga baada ya mtoto kutoka, jasho halijakauka ndani ya glavu, kwa sababu kisanduku kile kingebaki kitupu yeyote atakayesoma fomu angeona kwamba presha ya mama yule ilianguka mimi nikiwa nimesimama kichwani pake, na kwamba sikufanya lolote.

Nimeanza na fomu kabla ya mtoto kwa makusudi. Kuchelewa kugundua kwamba presha imeshuka ni kosa ambalo watu wa kazi yangu wanalijua, na wengi limewapata wakiwa zamu peke yao usiku wa manane. Kuandika namba ya uongo ni jambo jingine kabisa. Kosa la kwanza linamuumiza mtoto mmoja. La pili linawafumba macho wenzako wote, na watoto wengine wanaumia kwa njia ileile.

Mimi ni muuguzi niliyesomea kutoa dawa za usingizi na ganzi. Naishi Rwamishenye, Bukoba, karibu na njia panda ambako magari ya Mutukula yanaachana na ya Muleba na Biharamulo. Hospitali sitaitaja. Haikunituma kuandika uongo, na waliokuwa nami siku ile walifanya kazi yao.

Msomaji asiyewahi kuingia chumba cha upasuaji anahitaji kujua kinachotokea mle. Mama anayejifungua kwa operesheni siku hizi mara nyingi halazwi usingizi. Anakaa kitandani, anakunja mgongo, anachomwa sindano nyembamba kati ya pingili za kiuno, na mililita 2 hivi za dawa iitwayo bupivakaini zinaingia kwenye maji yanayozunguka neva za uti wa mgongo. Baada ya dakika chache miguu inakuwa mizito na ganzi inapanda hadi kifuani. Mama yuko macho, na mtoto akilia anamsikia. Njia hii ina umri mkubwa. Mjerumani August Bier aliijaribu mwaka 1898, na kwa wajawazito wengi ni salama kuliko usingizi kamili. Nimeifanya kwa miaka mingi na bado naitetea.

Tatizo lake ni kwamba dawa ileile inayozima maumivu inazima pia neva zinazoikaza mishipa ya damu. Mishipa ya miguuni na tumboni inalegea na kupanuka, damu inatuama huko, na inayorudi kwenye moyo inapungua. Mtaani kwetu tunajua maji yanavyokuwa watu wote wa bondeni wakifungua mabomba kwa wakati mmoja: tangi limejaa, ila nyumba za juu hazipati kitu. Juu ya hapo, mama akilala chali, mfuko wa uzazi wenye mtoto wa miezi tisa unaulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Ndiyo maana bila kinga yoyote zaidi ya nusu ya kinamama wanaochomwa sindano hii hushuka presha, tena haraka, katika dakika za mwanzo.

Mama mwenyewe anaweza kustahimili kwa muda. Mtoto hana pa kukimbilia. Kwa mimba iliyokomaa damu inayopita kwenye mfuko wa uzazi ni kama nusu lita au zaidi kila dakika, na mishipa ya upande ule haina uwezo wa kujirekebisha presha inaposhuka. Presha ya mama ikianguka, damu inayofika kwenye kondo la nyuma inaanguka nayo, na oksijeni ya mtoto vilevile. Dakika 1 anaivumilia. Zikizidi, asidi inaanza kujikusanya kwenye damu yake, na anatoka akiwa mlegevu, hana nguvu ya kulia.

Mama yule hakuja kwa dharura. Alikuwa na kovu la operesheni ya kwanza, akapangiwa tarehe, akaja jioni ya kabla yake na begi la nguo za mtoto, chupa ya chai na mama mkwe wake. Hakuwa ameanza uchungu. Asubuhi mkunga alisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, yakawa 140 na kitu, mazuri. Presha ya mama ilikuwa 118 kwa 74. Kama kuna mtoto aliyestahili kutoka akilia, ni huyo.

Nilimchoma vizuri, mara moja, maji ya uti wa mgongo yakatoka safi. Nikamlaza chali. Hapo ndipo makosa yalipoanza kupangana, na kila moja lilikuwa dogo kiasi kwamba wakati ule sikuliona. Sikumwekea kitu chini ya nyonga ya kulia ili tumbo liegemee kushoto, kwa sababu daktari mpasuaji alikuwa akipenda meza iliyolala sawa na sikutaka kubishana naye. Monita ilikuwa imewekwa ipime presha kila baada ya dakika 5, kama ilivyoachwa na mgonjwa wa ngiri aliyetangulia, sikuibadilisha. Efedrini, dawa ya kupandisha presha, ilikuwa kabatini, haijavutwa kwenye bomba la sindano. Zilibaki ampuli mbili, nami nilikuwa nimejiambia nizitunze hadi ipatikane dharura ya kweli.

Presha ya kwanza baada ya sindano ilisoma 112. Nikaridhika, nikageuka kuandika.

Mama akapiga miayo. Akapiga tena. Nikadhani hakulala usiku kucha kwa wasiwasi, jambo la kawaida. Leo najua kwamba miayo ya mama aliyetoka kuchomwa sindano ya mgongo ni habari, ubongo wake unaanza kukosa damu. Kisha akageuza uso kwangu akasema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua, “Sista, nasikia kutapika.”

Nilimjibu, “Ni woga tu, dada. Jikaze, mtoto anakaribia kutoka.”

Monita ilipofika zamu yake ilijaza hewa kwenye mkono wake, ikatoa, ikajaza tena, ikaonyesha vistari. Hakuna namba. Nikailaumu mashine. Nikasema mama anatetemeka, ndiyo maana haisomi, na kweli alikuwa akitetemeka kidogo. Nilichotakiwa kukumbuka ni kwamba mashine ya aina ile hukosa kusoma hasa pale presha inapokuwa chini sana. Ningeshika kiganja chake na kutafuta mapigo kwa vidole vyangu ningejua mara moja. Sikukishika. Nilibonyeza kitufe tena na kusubiri, na kusubiri kule ndiko kulikomla mtoto nguvu, maana wakati huohuo daktari alikuwa amekwama kwenye nyama zilizogandana kuzunguka kovu la zamani.

Namba ilipokuja ilikuwa 67 kwa 35. Midomo ya mama ilikuwa imekuwa ya kijivu kwa ndani. Nikafungua dripu zote mbili ziende kwa kasi, kama tulivyofundishwa zamani, ingawa maji peke yake hayatoshi mishipa ikiwa imeachia. Hata wakati huo, namba ile ikiwa mbele ya macho yangu, bado nilijadiliana na nafsi yangu kuhusu zile ampuli mbili. Nilipokuja kuvunja shingo ya ampuli, daktari alikuwa ameshaufungua mfuko wa uzazi. Mtoto alitolewa kabla dawa haijaingia.

Alikuwa wa kiume. Alitoka wa buluu, mikono imening'inia, kimya. Mkunga aliyempokea hakungoja mtu amwambie. Alimfuta, akamsugua mgongo, akaona hapumui, akamweka barakoa ndogo usoni na kuanza kumpulizia hewa kwa ambubegi ndani ya dakika ya kwanza. Alikuwa amepitia mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua ambayo yalienea nchini kuanzia mwaka 2009. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka hospitali 8 za Tanzania ulionyesha kwamba mafunzo hayo yalipunguza vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza kwa asilimia 47. Namba kama hiyo huwa tunaisoma kwenye karatasi tukaipita. Mimi niliitazama ikifanya kazi kwenye mikono ya mwanamke mmoja, mbele ya uso wa mama aliyekuwa akiuliza mbona mtoto halii.

Alama za Apgar, zinazoonyesha hali ya mtoto anapozaliwa, zilikuwa 3 dakika ya kwanza, 6 dakika ya tano, 8 dakika ya kumi. Mtoto alipelekwa chumba cha watoto wachanga, akawekewa oksijeni, akaanza kunyonya siku ya pili. Aliishi. Kwenye fomu yangu kulikuwa na 112, kisanduku kitupu, kisha 67. Nikajaza kile kitupu.

Alama hizo zimepewa jina la Virginia Apgar, Mmarekani aliyezichapisha mwaka 1953. Wengi hudhani alikuwa daktari wa watoto. Alikuwa daktari wa usingizi, mtu wa kazi yangu, aliyesimama kichwani pa kinamama na kuona jinsi watoto wanavyotoka baada ya dawa anazowapa. Naye alishikilia kwamba alama zitolewe na mtu mwingine, asiwe yule aliyemzalisha mama, kwa kuwa mtu anayehukumu kazi ya mikono yake mwenyewe hujipendelea. Nilifundishwa habari zake darasani. Siku ya siku ilipofika, nilijipa alama mwenyewe.

Uongo ule ulizaa mwingine. Ripoti ya asubuhi iliposomwa, daktari wa zamu aliuliza kwa nini mtoto wa operesheni ya kupangwa, asiye na tatizo lolote, alitoka amechoka. Fomu ikafunguliwa. Ilionekana presha ilishuka ghafla mwishoni, wakati mtoto anatoka, na ikatibiwa palepale. Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni. Mtu mmoja akasema labda alimeza maji ya uzazi. Ikaandikwa hivyo, tukaendelea na mgonjwa mwingine. Kama kisanduku kingekuwa kitupu, mtu angeuliza. Na angeuliza, tungebadilisha namna ya kuweka monita siku hiyohiyo, kwa wagonjwa wote.

Mchana wake mama mkwe alinifuata kwenye ukumbi wa wodi. Alikuwa mzee wa Kihaya wa heshima, amejifunga kanga juu ya gauni refu. Aliniuliza mjukuu wake alipatwa na nini. Nikamwambia, “Alichoka tu, bibi.” Akanitazama. “Amechoka na nini, mwanangu? Mama yake hakuumwa uchungu hata kidogo.”

Swali lake lilikuwa sahihi kuliko yote yaliyoulizwa asubuhi na wasomi. Sikulijibu. Nilimrushia maneno ya kitaalamu kuhusu mapafu na mzunguko wa damu wa mtoto mchanga, nikijua hataelewa, na nikijua kwamba kutoelewa kwake kutaninusuru. Siku ya kuruhusiwa aliniletea kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani la mgomba, shukrani yake kwa waliomhudumia mkwewe. Niliipokea kwa mikono miwili.

Nataka kusema pia nilichokuja kujifunza, maana toba bila maarifa haimfai mama wa kesho. Nilifundishwa zamani kumjaza mama maji ya dripu kwanza, kumchoma, kisha kungoja; presha ikishuka ndipo utibu. Mwaka 2018 wataalamu kutoka nchi mbalimbali, akiwemo Robert Dyer wa Cape Town, walichapisha makubaliano katika jarida la Anaesthesia yanayogeuza mpangilio huo. Dawa ya kukaza mishipa itolewe mapema, mara tu baada ya sindano ya mgongo, kabla presha haijashuka. Namba ya juu ya presha isiachwe kwenda chini ya asilimia 90 ya ile aliyokuja nayo mama, na ikigusa asilimia 80 itibiwe bila kusita. Kwa mama yule wa 118, maana yake ni kwamba nilipaswa kumweka juu ya 106 na kushtuka kabla ya kufika 94. Mimi nilishtuka kwenye 67.

Dawa wanayoipendekeza kwanza ni fenilefrini. Hapo pana historia inayostahili kusimuliwa, kwa sababu inaonyesha jinsi tabia ya kazi inavyojengeka. Mwaka 1974 watafiti watatu wa California, Ralston, Shnider na deLorimier, walijaribu dawa kadhaa za kupandisha presha kwa kondoo wenye mimba, wakaona efedrini haipunguzi damu ya mfuko wa uzazi kama zilivyofanya nyingine walizozilinganisha nayo. Kwa miongo kadhaa efedrini ikawa ndiyo dawa ya wajawazito duniani kote, na ndiyo niliyoikuta. Baadaye Warwick Ngan Kee na wenzake, huko Hong Kong, walipima damu ya kitovu ya watoto wa binadamu na kuonyesha, katika utafiti wa mwaka 2009, kwamba efedrini inapenya kondo la nyuma kwa wingi kuliko fenilefrini na kuuchochea mwili wa mtoto utumie oksijeni zaidi, hivyo asidi inaongezeka.

Nimewasikia wenzangu wakitoa hitimisho baya kutokana na habari hiyo, kwamba basi efedrini ni sumu na heri kusubiri. La hasha. Ukiwa nayo hiyo tu, itumie, tena mapema, na hasa mapigo ya moyo ya mama yakiwa ya polepole. Fenilefrini nayo ina hatari yake. Ampuli ya kawaida ina miligramu 10, na mama anahitaji maikrogramu 50 hadi 100 kwa mara moja, yaani sehemu moja ya mia au chini ya hapo. Anayeichoma bila kuizimua kwa kipimo anaweza kumuua mama. Inapunguza pia mwendo wa moyo, kwa hiyo macho yawe kwenye presha na mapigo pamoja. Dawa hizi hazihitaji mashine za gharama kubwa. Zinahitaji mtu aliyefundishwa, aliyezivuta na kuzibandika lebo kabla mama hajapanda mezani, na anayepima kila dakika mpaka mtoto atoke.

Na yule mtu asiwe peke yake, nikiruhusiwa kuomba. Operesheni za kujifungua zimeongezeka sana nchini, na nyingi sasa zinafanyika kwenye vituo vya afya ambavyo zamani havikuwa na chumba cha upasuaji. Ni jambo la kushukuru: kwa takwimu za utafiti wa afya wa taifa, vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16 hadi 104 katika ule wa 2022. Lakini utafiti uliofanyika katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta kinamama wanaokufa baada ya operesheni ya kujifungua ni kama 5 katika kila 1,000, karibu mara 50 ya nchi tajiri, na matatizo ya ganzi na usingizi yalitajwa miongoni mwa yanayohusiana na vifo hivyo. Tunaongeza vyumba na meza. Anayesimama kichwani pa mama mara nyingi bado ni mmoja, ndiye anayechoma, ndiye anayepima, ndiye anayeandika, na mtoto akitoka amechoka huitwa yeye pia. Sisemi haya kujitetea. Siku ile mimi sikuzidiwa na kazi.

Miaka ilipita. Mama yule alirudi na mimba nyingine, makovu sasa mawili, akapangiwa tarehe, na jina lake likaja kwenye orodha yangu. Wodini kila jioni tunawatembelea watakaofanyiwa operesheni kesho yake, tunawaeleza kuhusu ganzi, wanasaini ridhaa. Niliitazama ile karatasi ya ridhaa nikaona siwezi kumpa aisaini. Anaridhia nini, na hajui alichofanyiwa?

Nilikwenda kwanza kwa mganga mfawidhi nikamweleza yote, pamoja na namba niliyoitunga. Aliniambia niandike maelezo. Nilipewa barua ya onyo, ikaingia kwenye jalada langu, na ilinistahili. Kisha nikaenda wodini.

Mama mkwe alikuwepo, amekaa kwenye mkeka kando ya kitanda. Nilivuta kiti nikamwambia mama yule kwa Kiswahili cha kawaida, bila neno la hospitali, kwamba mtoto wake wa pili hakuchoka wala hakumeza maji. Nikasema: presha yako ilishuka baada ya sindano niliyokuchoma, nikachelewa kuona, nikachelewa kutoa dawa, mtoto akakosa hewa tumboni. Kisha nikaandika uongo kwenye fomu ili nisijulikane. Nikaomba radhi.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, “Niliposema nasikia kutapika, ulinisikia?”

“Nilikusikia.”

Bibi ndiye aliyesema baada yake. “Nilikuuliza,” akasema, “ukanijibu Kizungu.”

Sikuwa na la kusema. Mama akaniambia mtoto hajambo, anasoma chekechea, akanionyesha picha kwenye simu, amevaa sare kubwa kuliko mwili wake. Nilifurahi hadi machozi yakanilenga, lakini nataka ieleweke kwamba uzima wake haunisafishi. Aliokolewa na mkunga. Mtoto mwingine, siku nyingine, mkunga akiwa na mwingine mikononi, asingepona.

Aliuliza kama kesho yake atapatikana mtu mwingine wa kumchoma. Hakukuwa na mwingine wa zamu. Nikamwambia tunaweza kusogeza tarehe, haki yake. Alizungumza na bibi kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, kisha akasema nifanye mimi, ila nikae karibu na uso wake. Asubuhi nilimwekea chini ya nyonga ya kulia chupa ya dripu iliyoviringishwa kwenye shuka, nikaiweka monita ipime kila dakika, dawa zikiwa zimevutwa na kuandikwa majina. Nilimuuliza hali yake kila baada ya kipimo. Presha ilianza kushuka kwenye dakika ya tatu, kama inavyoshuka kwa wengi, nikaikamata ikiwa 105. Mtoto wa kike alilia kabla hajafika mikononi mwa mkunga.

Kwa wenzangu wa usingizi na ganzi ninalo ombi moja kuhusu fomu. Kisanduku ambacho hukupima, kiache kitupu, na pembeni uandike kwamba mashine haikusoma au kwamba ulichelewa. Kitakuletea maswali asubuhi. Yaache yaje. Kwa waganga wafawidhi na wafamasia: efedrini au fenilefrini ihesabiwe pamoja na nyuzi na glavu, kitu ambacho kisipokuwepo operesheni ya kupangwa haianzi. Muuguzi asiwekwe mahali pa kuchagua kati ya mama aliye mbele yake na mama anayeweza kuletwa usiku kwa dharura, kwa sababu atachagua vibaya, kama nilivyochagua mimi.

Na wewe dada unayekwenda kujifungua kwa operesheni, muulize atakayekuchoma presha yako ni ngapi kabla ya sindano, na muulize dawa ya kuipandisha iko wapi. Si utovu wa adabu. Ni mwili wako na mtoto wako. Ukiwa mezani ukasikia kizunguzungu, kichefuchefu, au kifua kinabana, sema. Ukiambiwa ujikaze, sema tena.